Vumbi la makaa ya mawe halikubali maji upesi

WENGI hudhani kwamba vumbi likinyunyiziwa maji, shida imekwisha. Kwa vumbi la makaa ya mawe, mambo si rahisi hivyo, na anayeumia ni mfanyakazi.

Chembe za hatari ni zile zisizoonekana kwa macho. Zilizo chini ya maikroni 5 hivi hupita puani na kooni bila kunaswa, zikafika kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Vumbi likikusanyika humo kwa miaka, mapafu hufanya makovu na mgonjwa huishiwa na pumzi. Ugonjwa huu wa mapafu meusi hauna tiba ya kuuponya, ila unaweza kuzuiwa.

Ndiyo sababu migodini hunyunyizwa maji. Lakini je, umewahi kutazama tone la maji juu ya jani la nduma? Hujiviringa likateleza, na jani likabaki kavu. Aina nyingi za makaa ya mawe zina tabia inayokaribia hiyo.

Wataalamu huipima tabia hii kwa njia kadhaa. Moja ni kuweka tone la maji juu ya kipande cha makaa kilicholainishwa, kisha kupima pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na kipande hicho. Pembe ikiwa ndogo, maji yametandaa. Ikizidi nyuzi 90, makaa yameyakataa.

Nyingine ni kumwaga unga kidogo wa makaa juu ya maji na kuhesabu muda unaochukua kuzama. Unga mwingine huelea tu. Jaribio hurudiwa kwa maji yaliyotiwa dawa ya jamii ya sabuni. Unga ukizama upesi, dawa hiyo yafaa kujaribiwa mgodini.

Hata hivyo, kipimo cha maabara hakitoshi. Hewani, chembe ndogo hufuata mkondo wa upepo na kulikwepa tone. Kwa hiyo mitambo ya kupitisha hewa na barakoa bado ni lazima.

Marekani ilianza kuweka kiwango cha vumbi migodini kwa sheria ya 1969, na mwaka 2016 ikakishusha hadi miligramu 1.5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Hata hivyo, ripoti ya 2018 ilionyesha kuwa kliniki tatu za jimbo la Virginia zilipata wagonjwa 416 wa hali mbaya kabisa ya ugonjwa huu kati ya 2013 na mwanzoni mwa 2017. Vumbi la miamba lenye silika limechangia.

Hapa Kenya, viwanda vya saruji huchoma makaa ya mawe yanayotoka ng'ambo. Ikiwa kazi yako ni kuyapakua au kuyasaga, usifagie vumbi likiwa kavu, na uvae barakoa inayobana uso sawasawa. Ukipatwa na kikohozi kisichoisha, mweleze daktari kazi unayofanya, hata ile uliyoiacha miaka mingi iliyopita.