Kuanza Ushauri Nasaha (Sehemu ya Pili): Siku ya Kwanza Mbele ya Mshauri

Wiki iliyopita nilieleza nani ni nani: daktari wa magonjwa ya akili, anayeweza kukuandikia dawa, mwanasaikolojia tiba, anayetibu kwa mazungumzo na vipimo vya maswali, na mshauri nasaha, anayekusaidia kulipangua tatizo la maisha. Leo tuingie chumbani. Namwandikia hasa msomaji wa Malangali (yetu ya Sumbawanga, si ile ya Mufindi yenye shule kongwe), aliyekwisha kata shauri kumlipa mshauri binafsi lakini hajui atakutana na nini.

Watu wengi huhudhuria kikao kimoja tu na hawarudi. Tumezoea kusema ni aibu. Mimi naona kuna sababu nyingine kubwa zaidi: wanaingia wakimtarajia mtu wa aina nyingine.

Hapa Ufipa mwenye mzigo moyoni ana watu watatu wa kuwaendea, na kila mmoja ana utaratibu unaofahamika. Wa kwanza ni mganga. Mganga hakuulizi kilichokuleta. Anapiga ramli, anakutajia shida yako, nawe unaitikia “taire” pale anapogusa ukweli. Ubingwa wake hupimwa kwa kujua bila kuambiwa. Wa pili ni padre. Tangu Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walipoingia Karema mwaka 1885, kitubio kimekuwa sehemu ya maisha ya familia nyingi za huku: wewe ndiye unayesema, lakini unasema dhambi zako, na unaondoka na maondoleo pamoja na malipizi. Wa tatu ni wazee wa ukoo. Hao husikiliza pande zote, kisha hutoa uamuzi.

Sasa mtu huyohuyo anaketi mbele ya mshauri. Mshauri anamsalimu, anajitambulisha, anauliza, “Nini kimekuleta leo?” Halafu ananyamaza. Haagui, hasamehi, haamui. Dakika mbili za ukimya zinapita na mteja anawaza: nimelipa hela yangu, na huyu ndiye anayeniuliza mimi! Anatoka pale akiamini kwamba mtaalamu hajui kazi, kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Ukimya ule una historia. Mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alichapisha kitabu kilichobadilisha fani hii. Alishikilia kwamba anayeijua shida kwa ndani ni mwenye nayo, na kwamba mshauri anayewahi kutoa jibu humnyang'anya mteja nafasi ya kufika mwenyewe. Hakuishia kwenye nadharia. Alirekodi vikao kwenye santuri, akachapisha mazungumzo yote ya mteja mmoja, neno kwa neno, ili wenzake wayachunguze. Wapo waliofuata njia nyingine. Aaron Beck, kuanzia miaka ya 1960, alijenga tiba ambayo mtaalamu huuliza zaidi, hutoa kazi ya kufanya nyumbani na kupima mabadiliko wiki hadi wiki. Lakini katika njia zote mbili, wa kusema kilichopo ni wewe.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwetu ina uzito wa pekee. Mshauri hatakutajia mbaya wako. Ufipa inajua gharama ya kutajana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 harakati ya Kamchape ilipita vijijini ikisaka wachawi, na mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa akiishi na kufanya utafiti huku wakati huo, aliiandikia makala mwaka 1968. Mtu aliyefiwa na watoto wawili, au asiyepata usingizi tangu mavuno yaharibike, bado huambiwa kirahisi kwamba kuna mkono wa mtu. Mshauri hatabishana na imani yako. Atakuuliza unalala saa ngapi, unakula nini, nani yuko karibu nawe, na tangu lini mambo yalianza kuharibika. Jirani hahusishwi, na hilo peke yake limetosha kuokoa koo zisigawanyike.

Usishangae pia ukipewa karatasi yenye maswali 9. Inaitwa PHQ-9, ilitolewa mwaka 1999 na kuthibitishwa kwa utafiti wa mwaka 2001, na ipo kwa Kiswahili. Inauliza juu ya wiki 2 zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, uchovu, kujiona hufai. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Si mtihani wa kufaulu au kufeli. Inampa mshauri makadirio ya uzito wa sonona, na ukiijaza tena baada ya majuma kadhaa mnaona wote wawili kama mnasogea.

Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hapa naomba msomaji atulie nami. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kwa sababu hiyo wengi hujaza sifuri kwa woga wa polisi. Kuwa na mawazo hayo si jaribio, na kuyasema mbele ya mshauri si kosa. Ni dalili ya ugonjwa unaotibika, na kuyaficha ndiko kunakoua. Kenya, ambako sheria ilifanana na yetu, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Natamani Bunge letu lifike huko. Mpaka hapo, jibu kweli. Na ikiwa mawazo hayo yamekuwa mpango, usisubiri miadi ya wiki ijayo: mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize hospitali siku hiyohiyo.

Siri ya mshauri, tofauti na ile ya kitubio, ina mipaka, naye anapaswa kukutajia mipaka hiyo kabla hujaanza kusimulia. Maisha yakiwa hatarini, yako au ya mwingine, anaweza kulazimika kuhusisha watu wengine. Mtoto akiwa anadhulumiwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Nje ya hayo, anachokiandika kuhusu afya yako kinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muulize daftari lake linakaa wapi na nani mwingine analifungua. Muulize pia alisomea wapi na nani anayemsimamia. Mwenye elimu halali hakasiriki.

Siri huvuja zaidi upande wetu. Katika mtaa ambamo mwenye duka anamjua baba yako, wengi huchagua mshauri wa mbali kwa simu, kwa kuwa Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 na nauli ni ya kwenda na kurudi. Basi tafuta mahali pa kuzungumzia kabla ya siku: nyumba nyingi kuta zake hazifiki darini, na sauti ya chumba kimoja husikika chumba cha pili. Kumbuka vilevile kwamba ujumbe wa malipo hubaki kwenye simu ukiwa na jina la mpokeaji. Kama mwenzi wako hushika simu yako, amua mapema utamwambia nini.

Kuhusu idadi ya vikao, Zimbabwe imetufundisha jambo. Daktari Dixon Chibanda wa Harare alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Familia ilikosa dola 15 za nauli ya kumleta kwake. Mwaka 2006 akaanza kuwafundisha akina bibi kusikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, kwa hatua maalumu: taja matatizo yote, chagua moja, panga jambo dogo la kufanya, rudi ueleze. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba waliopata vikao 6 vya benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mwombe mshauri wako makadirio: vikao vingapi, kila kimoja dakika ngapi, bei gani, na ukikosa kufika unalipa au hulipi.

Mpe vikao 3 au 4. Ukiona bado hamwelewani, mwambie waziwazi, bila kuzima simu na kupotea, kisha umwombe akuelekeze kwa mwenzake. Kumbadilisha mshauri si kumvunjia heshima. Wao wenyewe hufunzwa kumpokeza mteja kwa mwingine, na maelezo uliyokwisha kutoa yanaweza kukutangulia kwa ridhaa yako, usianze upya.