Sufuria yako ilipita ndani ya chumvi

Ni jamaa gani hapa Butembo, Beni ao Lubero isiyokuwa na sufuria ya aluminiamu? Tunapikia sombe, maharagi na bugali. Ikitoboka, tunaipeleka kwa fundi. Yeye anaiyeyusha kwa moto wa makala na kuimimina ndani ya umbo la mchanga. Basi vijana wanauliza: kama makala inatosha, kwa nini tusitoe aluminiamu sisi wenyewe katika udongo mwekundu?

Kuyeyusha na kutoa ni kazi mbili. Sufuria nzee inayeyuka kwa digrii 660. Lakini aluminiamu ya udongo imeshikamana na oksijeni, na unga wake mweupe, alumina, unayeyuka tu kupita digrii 2,000. Makala haiwezi kuviachanisha.

Mwaka 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwake, walipata njia. Alumina inayeyuka ndani ya chumvi iitwayo kriolite, kwa digrii karibu 960, namna sukari inavyoyeyuka ndani ya chai. Kisha umeme unapitishwa, na aluminiamu inashuka chini.

Sasa hapa kuna siri: mnato, ni kusema namna majimaji yanavyokuwa mepesi ao mazito kutiririka. Maji yana mnato kidogo, asali mwingi. Chumvi ile inapaswa kutiririka karibu kama maji. Ikiwa nzito, alumina haichanganyiki vizuri, hewa haitoki mbio, na matone ya aluminiamu yanabaki yakielea, kwa sababu chumvi na aluminiamu zinakaribiana uzito. Ikipoa inakuwa nzito kama uji uliosahauliwa. Joto likizidi, umeme unapotea bure. Umeme ukikatika saa nyingi, yote inaganda kama jiwe!

Ndiyo maana kazi hii inataka umeme mwingi usiokatika. Kampuni BHP Billiton ilifikiri kujenga kiwanda cha namna hii Bas-Congo kwa nguvu za Inga, lakini mwaka 2012 iliacha mpango huo.

Hesabu mwenyewe: kilo moja inakula karibu kilowati-saa 14. Ni kama kuwasha taa ya wati 60 usiku na mchana kwa siku karibu 10. Kuyeyusha tena kilo nzee kunataka sehemu 5 tu kwa 100 za nguvu hizo. Kwa hiyo fundi wetu si mtu wa kudharauliwa.

Lakini aangalie anachoyeyusha. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba sufuria za mafundi wa Kamerun zilitoa risasi ndani ya chakula. Risasi inaharibu akili ya mtoto. Wazazi, muulizeni fundi: ndani ya moto ulitia nini? Vipande vya betri na vyuma usivyovijua viache pembeni. Sufuria ya zamani, hiyo mpelekee.