Bolti ya Breki Inapogoma Kufunguka

Tanga ni mji wa baiskeli na ni mji wa bahari, na mambo hayo mawili hayapatani. Upepo wa chumvi hupenya kila kijitundu cha chuma, na miongoni mwa vinavyoteseka ni zile bolti ndogo zinazoshika mikono ya breki kwenye foki. Ziko jirani kabisa na tairi, hurushiwa tope na maji kila mvua inaponyesha, na wengi hawazigusi mpaka siku raba za breki zinapokwisha. Siku hiyo alenki inazunguka, bolti imetulia palepale.

Kwenye breki za aina ya V, bolti inayoshika mkono ina unene wa milimita 6 na hufunguliwa kwa alenki ya milimita 5. Kigingi inamoingia mara nyingi ni cha chuma kilichochomelewa kwenye foki. Chuma kikishika kutu, ile kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hesi hubanana mpaka spana haina la kufanya. Bolti ya kubania waya ina adui mwingine: yenyewe ni chuma, mkono ni alumini, na metali hizo mbili zikilowa maji ya chumvi alumini huanza kuliwa na kuacha unga mweupe unaogandisha kila kitu.

Lakini bolti nyingi haziharibiwi na kutu. Huharibiwa na papara. Tundu la kichwani likijaa tope, alenki haizami hadi mwisho. Inashika kingo za juu tu, na mtu akitia nguvu pembe sita zinageuka duara. Kuna pia alenki za inchi zilizochanganyika kwenye masanduku ya mafundi: ya 3/16 ina milimita 4.76, inaingia vizuri kwenye tundu la milimita 5, na ile nafasi ndogo inayobaki inatosha kukila kichwa chote.

Kwa hiyo kazi inaanza na sindano, si na spana. Tope lichokonolewe mpaka sakafu ya tundu ionekane, kisha idondoshewe oili ya kulegeza kutu kuzunguka bolti na iachwe usiku kucha. Asubuhi kichwa kigongwe kwa nyundo mara kadhaa, kwa kiasi, maana mshtuko huvunja kutu ambayo oili haikuifikia. Halafu bolti ikazwe kidogo kabla ya kulegezwa. Wanaoanza huona ajabu, lakini msogeo mdogo wa upande wowote hukata ule mshiko, na bolti iliyokwisha kusogea ina nusu ya safari nyuma yake. Kwa bolti ya waya iliyo ndani ya alumini, maji yanayochemka husaidia sana: alumini hutanuka takribani mara mbili ya chuma, na tundu hulegea. Moto wa gesi usikaribishwe kwenye breki za oili, kwani utaunguza mipira ya ndani.

Kichwa kikiwa kimeshalika, bado kuna njia. Biti ya nyota iliyo kubwa kidogo kuliko tundu hugongwa kwa nyundo mpaka ing'ate, kisha huzungushwa taratibu. Kichwa kilichotokeza huchongwa kwa tupa pande mbili ziwe bapa, kikabanwa na vaisgripu.

Njia ya mwisho ni drili, na hapa ndipo watu huogopa bila sababu. Anayejua haitoboi bolti nzima. Anaweka alama katikati, anaanza na biti nyembamba, anapanda hadi ya milimita 6 au zaidi kidogo, na kuishia pale kichwa kinapokatika. Mkono wa breki unachomoka, mvutano uliokuwa ukiibana bolti unakwisha, na kipande kilichobaki kikitokeza mara nyingi hutoka kwa vaisgripu. Kinacholindwa muda wote ni kigingi, kwa sababu bolti hununuliwa dukani kwa bei ndogo na kigingi ni sehemu ya foki.

Bolti mpya ipakwe grisi kwenye hesi na ikazwe kwa nyutonmita 5 hadi 7. Oili yoyote iliyodondokea rimu au diski ifutwe kabisa, na raba zilizolowa zibadilishwe. Ikiwa hesi za kigingi zimekwanguka kiasi kwamba bolti mpya inazunguka bila kukaza, baiskeli hiyo isiendeshwe hata hadi gengeni. Isukumwe kwa fundi wa kuchomelea, akiweke kigingi kipya.