Python, C au Rust: Ipi Inafaa Kujaribia Usalama wa Kompyuta?
Wengi wanaoanza kujifunza usalama wa kompyuta hukimbilia Python, na hawajakosea. Mistari michache tu inatosha kuandika programu ya majaribio.

Ila mashimo mengi makubwa yako kwenye C. Mwaka 2014 liligundulika tundu la Heartbleed: OpenSSL, iliyoandikwa kwa C, iliamini urefu wa ujumbe uliotajwa na mtumaji bila kuuhakiki, ikamwaga siri zilizokuwa kwenye kumbukumbu, hata nywila. Kwa kawaida Python na Rust hukataa kusoma nje ya mpaka.

Basi Python ni ya kujaribu chapchap, C ya kuelewa tundu linavyotokea, Rust ya kuliziba. Na majaribio yafanyike kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ya mtu bila ruhusa ni kesi!