Fibroidi kwa Mjamzito na Baada ya Kujifungua

Fibroidi ni uvimbe usio wa saratani unaoota katika misuli ya mfuko wa uzazi. Wanawake wengi huugundua kwa mara ya kwanza wanapopimwa kwa altrasaundi wakiwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hicho kifanyike kabla ya wiki ya 24.

Mimba nyingi zenye fibroidi hufika mwisho salama. Tatizo linalojitokeza zaidi ni maumivu makali ya sehemu moja ya tumbo, uvimbe unapokosa damu ya kutosha. Tiba yake ni mapumziko na parasetamoli kwa maelekezo ya mtaalamu. Diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe bila ushauri wa daktari, hasa kuanzia wiki ya 20, kwani zaweza kudhuru figo za mtoto. Maumivu yakiambatana na damu au homa, mama awahi hospitali.

Hatari kubwa huja siku ya kujifungua. Uvimbe mkubwa, au ulio karibu na mlango wa kizazi, waweza kumfanya mtoto akae vibaya au kumzibia njia. Aidha, mfuko wa uzazi ukishindwa kusinyaa vizuri, mama hutokwa na damu nyingi. Kutoka Makambako hadi Njombe, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, ni kilomita zipatazo 60: safari fupi kwa aliyejipanga, ndefu mno kwa anayevuja damu. Kwa hiyo mhudumu aandike mapema kwenye kadi ukubwa wa uvimbe na mahali ulipo, kisha wakubaliane na mama kuhusu kituo chenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu. Familia nayo iandae nauli na wachangia damu.

Mtoto akishazaliwa, mama apewe oksitosini mara moja na afuatiliwe kwa karibu. Kwa kawaida madaktari hawaondoi fibroidi wakati wa upasuaji wa kujifungua, kwa kuhofia damu nyingi. Huo si uzembe. Uvimbe mwingi hupungua wenyewe katika miezi inayofuata, na mama aweza kunyonyesha bila wasiwasi. Akiwa nyumbani, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa au uchafu wenye harufu mbaya ni dalili za kurudi kituoni bila kungoja kesho.