Mvua imebadilika: juu ya nini, na sisi tufanye nini?

Wakulima wa Kivu wanajua kalenda yao. Mwezi wa tisa mvua inarudi, watu wanapanda maharagi na mahindi. Mwezi wa sita kiangazi kinaingia. Leo wengi wanasema kalenda ile haieleweki tena. Mvua inachelewa, mbegu inakauka mu udongo, kisha inanyesha kwa nguvu na kubeba shamba lote. Juu ya nini?

Tuanze mbali. Kwa miaka mingi, inchi za viwanda zinachoma makaa ya mawe, petroli na gazi. Moshi wake unaacha hewani gazi inayoitwa dioksidi ya kaboni, ambayo inafunika dunia kama blanketi: joto ya jua inaingia, lakini inatoka kwa shida. Mbele ya viwanda, gazi hiyo ilikuwa sehemu karibu 280 kwa kila milioni moja ya hewa. Leo inapita 420. Joto ya dunia imepanda zaidi ya digrii 1. Utasema digrii 1 ni kitu gani? Hewa ikiongeza digrii 1, inaweza kubeba mvuke zaidi, karibu 7 kwa mia. Siku mvua inaanguka, inaanguka nyingi kwa mara moja.

Congo haina viwanda vingi, moshi wetu ni kidogo sana. Lakini tukikata msitu juu ya makala na mashamba, kaboni yenye ilikuwa ndani ya miti inapanda hewani. Tena mlima unabaki wazi, hakuna mizizi ya kushika udongo.

Wakaaji wa Kalehe hawajasahau tarehe 4 mwezi wa tano 2023. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Maji, matope na mawe vilishuka juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Je, ni tabianchi iliwaua? Wataalamu wa kimataifa walichunguza, wakasema hawawezi kukata neno, kwani vituo vya kupima mvua ni vichache sana kwetu. Lakini hatari zingine tunaziona kwa macho: nyumba kandokando ya mito, miteremko bila miti, na familia zenye vita ilisukuma kukaa popote.

Uvira na Kalemie, maji inakuja polepole. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Mvua ikizidi miaka kufuatana, maji inayoingia inapita ile inayotoka, ziwa linapanda. Ndivyo mwaka 2024 lilifunika nyumba na barabara.

Sasa tufanye nini? Mkulima, chimba mitaro ya kukata mlima, na panda majani ya ngombe kwenye kingo zake. Mama, babula nzuri inakula makala kidogo. Mvua ikinyesha usiku kucha na mto uko karibu, ondosha watoto, vitu utavirudilia. Na wewe chifu mwenye kugawa viwanja, achia mto njia yake. Feza ya kiwanja kimoja hailipe roho ya mutu.