SOMO LA REDIO: KWATO ZA PUNDA

Fungueni daftari zenu, na mwalimu aandike ubaoni maneno haya: UKWATO mmoja, KWATO nne. Leo tutasoma habari za miguu ya punda, mnyama anayetuchukulia maji, mchanga na kuni, naye hana kiatu cha chuma.

Huenda mmoja wenu akauliza: Je, punda milia wa porini hukatwa kwato na nani? Swali zuri. Hakatwi na mtu. Ukwato huota kama ukucha wako, kutoka juu penye nywele kushuka chini, kiasi cha milimita 6 hadi 9 kwa mwezi. Punda milia hutembea mbali kila siku juu ya mawe na ardhi ngumu, na kilichoota hulika. Lakini punda wetu hufungwa uani, au hutembea juu ya mchanga laini, kama ule wa kisiwa cha Lamu, ambako mwaka 1987 palifunguliwa zahanati ya punda. Kwenye mchanga ukwato huota upesi kuliko unavyolika. Ncha yake huinuka mbele kama omo ya mashua. Uzito huangukia visigino, na kano za nyuma ya mguu huvutwa mchana na usiku. Mwisho punda huchechemea. Akichechemea, maji hayafiki nyumbani wala ujira haupatikani.

Sasa inueni mguu wa punda, kwa fikira tu. Ukingo mgumu unaozunguka ni ukuta wa ukwato. Ndani yake ni unyayo, na katikati ya unyayo kuna kitu kama mpira, chenye pembe tatu. Sisi tutakiita mto. Mto huu hupunguza kishindo mguu unapokanyaga. Kati ya ukuta na unyayo kuna mstari mweupe. Ukumbukeni mstari huo.

Kabla ya kukata, simama begani pa punda, si nyuma yake. Sema naye. Pitisha mkono polepole kutoka bega hadi chini, ndipo uinue mguu, wala usiuvute kwa kando. Ondoa uchafu kwa chuma butu, kutoka kisigino kwenda mbele. Kazi hii ya kusafisha hufanywa kila siku, nayo haina gharama.

Ukataji hufanywa kila baada ya wiki 6 hadi 10. Vyombo ni koleo la kukatia kwato, kisu kilichopinda ncha, na tupa. Panga si chombo cha kazi hii. Nalisema hili kwa sababu nilipokuwa kijana nilichukua panga la baba nikakata ukwato wa punda wetu pigo moja. Damu ilitoka, na mnyama yule hakubeba kitu kwa majuma mengi. Mama yangu alichukua maji kichwani, nami nikamfuata na ndoo yangu nikiona haya.

Kata ukuta tu, kidogo kidogo, hadi ukaribie kuwa sawa na unyayo. Usichimbe unyayo ukawa mwembamba. Ukiona rangi ya waridi, acha papo hapo, maana damu i karibu. Mto usiguswe, ila vipande vinavyoning'inia. Kisha pitisha tupa, na ukingo uuviringishe kidogo usije ukapasuka. Msimamishe punda juu ya saruji, umtazame kwa ubavu: mbele ya ukwato na mfupa ulio juu yake vifuate mstari mmoja.

Ukwato uliokuwa mrefu mno usiufupishe siku moja. Kano zimezoea hali ile mbaya, kwa hiyo urudishe kwa awamu. Na ufa ulioanzia juu hauzibwi. Hushuka pamoja na ukuta unapoota, na jambo hilo huchukua karibu mwaka mzima.

Nchi ya asili ya punda ni kavu, na ukwato wake hunyonya maji upesi. Wakati wa masika mpatie mahali pakavu pa kusimama. Mto ukiwa mweusi na wenye kunuka, umeanza kuoza: usafishe na kuukausha. Mstari ule mweupe nao huweza kuingia uchafu na kufanya tundu. Lakini ukwato ukiwa wa moto, na punda hataki kutembea, usikate kitu. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, nawe umweleze kama mnyama alikula pumba au nafaka nyingi.

Basi, katika daftari andikeni tarehe ya leo. Hesabuni wiki 6 mbele, muandike na tarehe hiyo. Wenye punda waipige mstari. Kwa herini.